Shoki ya moyo: mambo ambayo ndugu wa mgonjwa anapaswa kuyaelewa

Katika miaka yangu ya uuguzi kwenye wodi ya wagonjwa mahututi, swali ambalo ndugu huniuliza kuliko yote ni kwa nini mtu ambaye presha yake imeshuka kiasi cha kutisha hawekewi dripu mfululizo. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa aliyepoteza damu au maji mengi huokolewa hivyo. Katika shoki ya moyo, yaani pale moyo unaposhindwa kuvipelekea viungo damu ya kutosha, hata hivyo, kwa kawaida damu mwilini ipo ya kutosha na kilichopungua ni nguvu ya moyo ya kuisukuma, hivyo maji yakiongezwa bila kipimo huishia kujaa mapafuni. Wako wachache, hasa walioumia upande wa kulia wa moyo, ambao hunufaika na maji kidogo, lakini uamuzi huo hufanywa baada ya vipimo.

Chanzo kikubwa ni shambulio la moyo: mshipa unaoulisha msuli wa moyo huziba, na sehemu kubwa ya upande wa kushoto hufa au kulegea. Shoki huwapata takribani asilimia 5 hadi 10 ya wanaopata shambulio hilo. Vyanzo vingine ni maambukizi ya msuli wa moyo, valvu (mlango wa ndani ya moyo) iliyochanika ghafla, mapigo yaliyovurugika, na moyo uliochoka kwa muda mrefu ambao hatimaye umezidiwa. Ubaya wake ni kwamba presha ikishuka, moyo wenyewe hukosa damu ya kuulisha na kuzidi kudhoofika.

Ninachosisitiza zaidi ni dalili, kwa sababu shoki inaweza kuanza saa kadhaa baada ya mgonjwa kulazwa, wakati maumivu ya kifua yametulia na familia imeanza kupumua. Kabla sijatazama mashine, humshika mgonjwa miguu na kuangalia mfuko wa mkojo. Miguu ikiwa ya baridi yenye jasho, mkojo ukiwa chini ya mililita 30 kwa saa, na mtu aliyekuwa akiongea vizuri akianza kuchanganyikiwa, mwiteni daktari hata kama namba ya juu ya kipimo cha presha bado haijafika chini ya 90, kwa maana mwili huweza kuishikilia kwa kubana mishipa huku viungo tayari vinakosa damu.

Kama chanzo ni mshipa ulioziba, tiba yenyewe ni kuuzibua haraka, kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa) na stenti (kijibomba cha wavu kinachouacha mshipa wazi) au kwa upasuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba waliozibuliwa mapema walikuwa hai kwa wingi zaidi baada ya miezi 6, ingawa katika siku 30 za kwanza tofauti haikuwa ya uhakika. Noradrenalini ya kupandisha presha, dobutamini ya kuuongezea moyo nguvu na mashine ya kupumulia humvusha mgonjwa tu wakati chanzo kinashughulikiwa. Puto linalowekwa kwenye mshipa mkuu, ambalo lilitumika kwa miaka mingi, halikupunguza vifo katika utafiti wa mwaka 2012. Pampu ndogo inayoingizwa ndani ya moyo ilivipunguza katika utafiti wa mwaka 2024, lakini kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini, tena pamoja na hatari kubwa zaidi ya kuvuja damu.

Basi ulizeni mapema: mshipa umezibuliwa? Kama hospitali haina uwezo huo, rufaa inapangwa lini? Tajeni saa maumivu yalipoanza na leteni dawa zote alizokuwa akitumia, kwani baadhi ya vidonge vya presha hupunguza nguvu ya moyo na huenda vikasitishwa. Elezeni pia mgonjwa mwenyewe angetaka nini, maana hata penye vifaa vyote, karibu nusu ya wagonjwa hawa hufariki.

Anayeruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na stenti asiache dawa za kuzuia damu kuganda bila idhini ya daktari wake wa moyo, hata anapokwenda kung'olewa jino, kwa sababu stenti inaweza kuziba ghafla.