Mita Inasoma Sifuri kwenye Betri: Je, Imeharibika?

SWALI: Nyumbani nina umeme wa gridi, na hivi karibuni nimefunga paneli ya sola na betri ya volti 12. Nilipopima soketi ya ukutani mita ilisoma 230, lakini nilipogusisha ncha zilezile kwenye betri ilisoma sifuri, ilhali taa za sola zinawaka vizuri. Je, mita imeharibika? Na je, swichi za kawaida za ukutani zinafaa kwa taa hizi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mita yako ni nzima, uliiacha kwenye alama ya V yenye kiwimbi, ambayo ni ya mkondo geu, yaani AC, wakati betri hupimwa kwenye V yenye mstari ulionyooka, ambayo ni ya mkondo mnyoofu, yaani DC.

Katika betri, upande wa chanya hubaki chanya na wa hasi hubaki hasi, hivyo mkondo hutiririka kuelekea upande mmoja tu. Katika soketi, waya wa laivu huwa chanya kisha hasi ukilinganishwa na nyutro, na mzunguko huo hukamilika mara 50 kila sekunde. Kwa kuwa kupanda na kushuka huko kunalingana, wastani wake ni sifuri, na ndiyo maana mita iliyowekwa kwenye DC huonyesha sifuri hata pale soketi ina umeme kamili. Kosa hilo la pili linanitia hofu zaidi kuliko lako, kwa sababu anayelifanya huamini kwamba waya hauna umeme, akaushika.

Hata hiyo 230 si kilele chake, kwani volti hufika takriban 325 kila upande; 230 ni kipimo cha DC ambayo ingeipasha pasi joto lilelile.

Kuhusu swichi, kumbuka kwamba kila unapozima, cheche huruka kati ya vyuma viwili vinavyoachana. Volti za mkondo geu hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo cheche hupata nafasi ya kufa, lakini mkondo mnyoofu haupumziki, kwa hiyo cheche yake hudumu na kuunguza vyuma. Kwa taa moja ndogo ya volti 12 swichi ya kawaida kwa kawaida huhimili. Kwa paneli nyingi zilizounganishwa mfululizo hadi kufikia mamia ya volti, usikubali breka isiyoandikwa DC pamoja na kiwango chake cha volti, kwani ya AC inaweza kushika moto.

Angalia pia unene wa waya. Mzigo wa wati 60 huhitaji takriban robo ya ampea kwenye volti 230, bali kwenye volti 12 huhitaji ampea 5, hivyo waya wa betri uwe mnene na mfupi kadiri inavyowezekana.