Siku ya tatu baada ya shambulio la moyo: kwa daktari mtarajali

Mdogo wangu unayeanza zamu wodi ya moyo, nakuomba jambo moja. Mgonjwa aliyepata shambulio la moyo juzi, na leo amekaa kitandani anakunywa uji, usimpite. Msikilize kifua asubuhi na jioni, hata kama faili linasema anaendelea vizuri.

Msuli uliokosa damu hufa, kisha hulainika. Hupasuka ama ndani ya saa 24 za mwanzo, ama kuanzia siku ya tatu hadi ya tano, wakati ndugu wameshaanza kuuliza ataruhusiwa lini. Aliyechelewa kufika na mshipa wake haukuzibuliwa ndiye wa kuchungwa zaidi.

Ukuta unaotenga vyumba vya chini vya moyo ukitoboka, utasikia mvumo mkali, yaani sauti ya damu ikipita pasipo pake, ambao jana haukuwapo, na mara nyingi kiganja chako kitahisi mtetemo kando ya mfupa wa kifua. Ninaouogopa zaidi ni mvumo usiosikika. Vali ya mitrali, mlango kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo, hushikiliwa na misuli miwili, na ule wa nyuma kwa kawaida hulishwa na mshipa mmoja tu. Shambulio la upande wa chini wa moyo, hata dogo, laweza kuukata. Damu hurudi nyuma hadi mapafu yanajaa maji na presha inashuka, lakini ukiweka stetoskopu husikii kitu cha maana, kwa sababu shinikizo la chumba cha juu limekaribia la chini.

Nilipokuwa mpya nilimdunga Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, mgonjwa wa namna hiyo, nikapanga eko, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ya asubuhi. Asubuhi hakuifikia.

Eko ifanyike usiku huohuo. Oksijeni, dawa za kutanua mishipa kama presha inaruhusu, na puto la kusaidia moyo linalowekwa ndani ya aota, mshipa mkuu wa damu, palipo nalo, vyote hununua muda tu. Tiba ni upasuaji. Vali iliyokatika msuli haingoji. Tundu la ukuta lina mtihani wake: nyama ni laini, uzi unaichana, hivyo mgonjwa akiwa ametulia madaktari wa upasuaji huweza kusubiri siku kadhaa kingo zikaze.

Ukiwa mkoani, safari ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili ianze kupangwa mara tu usikiapo mvumo mpya. Na mkewe umweleze ukweli wote kabla gari halijaondoka.