Vuli shamba: kabla ya kununua muhogo, uliza mvua

Mtu wa mjini akitoka shamba mwezi wa Novemba, mara nyingi hurudi na muhogo akidhani ni kama ule alioununua Agosti. Anaupika vile vile, kisha analalamika kuwa hauivi. Muhogo hauna kosa. Mvua za vuli, ambazo Unguja na Pemba hunyesha baina ya Oktoba na Disemba, zinabadilisha kilichomo ardhini. Mti uliokaa na kiu miezi kadhaa ukipata mvua nzito mbili tatu huanza kuchipua upya, na wanga wa kuchipulia unautoa kwenye mzizi. Mzizi unabaki na maji. Utauchemsha saa nzima na bado utabaki mgumu katikati, bila utamu wowote.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya fungu la muhogo wakati wa vuli, usianze na bei. Muulize muuzaji: "Bibi, kwenu mvua imeshanyesha? Na muhogo huu umechimbwa lini?" Swali la pili lina uzito kama la kwanza, kwa sababu muhogo ukishatoka ardhini haumalizi siku tatu kabla ya kuingia michirizi ya rangi ya buluu na nyeusi. Kisha omba uvunjiwe mmoja. Mzuri unakatika kwa mlio mmoja, ndani mweupe na mkavu. Ulioingia maji unapinda kabla ya kukatika, na nyama yake inang'ara kwa unyevu. Muuzaji anayekataa kuvunja ameshakujibu.

Ukipata mzuri, kilo moja na nusu na nazi mbili zinatosha watu watano. Menya maganda yote mawili, la nje la kahawia na lile nene la ndani, maana la ndani ndilo lenye sumu nyingi zaidi kuliko nyama yenyewe. Pasua kila kipande kwa urefu, toa uzi wa kati, osha, kisha pwaza kwa maji mengi bila kufunika. Yakishachemka, hesabu dakika ishirini hadi thelathini. Vipande vikianza kufunguka wenyewe, mwaga maji yale. Usiyatumie kupikia kitu kingine.

Ukikosa muhogo wa maana, usiuache mti wenyewe. Mvua iliyoharibu mzizi ndiyo iliyoleta majani mapya, na vuli ndio wakati wa kisamvu. Chuma majani matatu manne ya juu kabisa, yale bado laini, utoe vikonyo. Twanga mabichi kwenye kinu mpaka yawe rojo. Wapo wanaoyachemsha kwanza ili yatwangike kwa urahisi, na hapo ndipo penye kosa: kutwanga jani bichi huruhusu kimeng'enya kilichomo kuivunja sumu ya jani, nayo ikatoka kama hewa. Moto ukitangulia, kimeng'enya hicho kinakufa na sumu inabaki kwenye jani. Twanga, tandaza kwenye sinia nusu saa, kisha chemsha bila mfuniko muda usiopungua saa moja. Ukiwa na papa mkavu au ng'onda, roweka pembeni upunguze chumvi, tia dakika ishirini za mwisho pamoja na kitunguu maji na thomu, yaani kitunguu saumu. Tui linaingia baadaye kabisa. Kisamvu kinakula moto, basi kama jikoni kuna mafiga na kuni, gesi iachie chai.

Sasa tui, maana huku ndiko futari nyingi, yaani muhogo, majimbi au shelisheli la nazi, zinakoharibika. Tikisa nazi kabla ya kununua. Isiyolia maji ndani huenda imeoza, na koroma, ambayo haijakomaa bado, inatoa tui jepesi hata ukamue vipi. Zikune nazi mbili, tia kikombe kimoja na nusu cha maji ya uvuguvugu, kamua kwa kifumbu: hilo ni tui zito, liweke pembeni. Machicha yatie vikombe vitatu vingine upate tui la pili. Maji ya baridi hayatoi mafuta ya kutosha kwa sababu mafuta ya nazi huganda kwenye ubaridi.

Pikia chakula kwa tui la pili. Tui zito litie mwisho, moto ukiwa mdogo, huku unakoroga taratibu upande mmoja mpaka lianze kutokota kidogo, na usifunike. Likichemka kwa nguvu linakatika: mafuta yanapanda juu, chini panabaki maji yenye chembe. Ndimu nayo hulikata. Ikamue chungu kikishatoka motoni, kwenye sahani ya kila mtu ikiwezekana. Pilipili tia nzima, isiyopasuliwa, isije ikatawala watoto.

Uchachu una kosa jingine ambalo wengi hawalitambui. Ukitia ukwaju au embe mbichi kwenye chungu kabla muhogo au majimbi hayajaiva, uchachu hufanya vipande vikaze na visilainike tena hata kuni ziishe. Ivisha kwanza, chachusha baadaye.

Majimbi yanataka subira kuliko muhogo. Kinachowasha koo ni chembe ndogo zenye ncha zilizomo kwenye nyama yake, na ni moto wa kutosha tu unaozituliza. Paka mikono mafuta ya nazi, menya jimbi likiwa kavu, osha baada ya kumenya. Ukiosha kwanza, utelezi unapanda mikononi na kuwasha mpaka usiku. Kata vipande vinene, pwaza kwa maji na chumvi mpaka kisu kiingie na kutoka bila kushikwa popote, mwaga maji, ndipo utie tui. Jimbi lililoiva nusu linaonekana sawa na lililoiva, kwa hiyo onja kipande kidogo kabla hujawapakulia wageni. Kwa Pemba, mabonde yenye maji ndiyo yanayotoa majimbi makubwa laini. Yaliyoota pakavu huwa na nyuzi.

Shelisheli, mti ukiwa umezaa, ni rahisi zaidi ya vyote. Tafuta lililokomaa: ganda limeanza kuwa na manjano, vijumba vya juu vimetanuka na kulala, na matone ya utomvu yamekauka juu yake. Changa lina maji na linanata. Paka kisu mafuta kwa sababu ya utomvu, menya, gawa mara nne, toa moyo, na dakika kumi na tano hadi ishirini ndani ya tui la pili zinatosha. La kuchoma halimenywi. Litoboe tundu karibu na kikonyo ili mvuke utoke, liweke juu ya makaa ya vifuu, geuza kila baada ya dakika kumi mpaka ganda lote liwe jeusi, karibu saa nzima. Kwangu mimi hilo na samaki wa kuchoma linashinda futari yoyote ya nazi, ingawa wenye nyumba zao huenda wasikubali. Likitundwa, halisubiri: siku mbili tatu linalainika na kuwa tamu. Ukitaka kulichelewesha, lizamishe zima kwenye ndoo ya maji.

Upepo wa vuli huangusha embe changa kabla ya msimu wake kufika kileleni. Usizitupe. Embe mbichi mbili za ukubwa wa wastani zinatosha mchuzi wa samaki kilo moja badala ya ndimu. Kata vikonyo, zisimamishe embe kichwa chini utomvu utiririke, osha, maana utomvu huo unaunguza midomo. Menya, katakata, zichemshe na tungule (nyanya) na bizari mpaka ziwe laini, tia samaki aliyekwisha kukaangwa, tui zito mwisho kwa moto mdogo sana.

Pweza hafuati mvua, anafuata mwezi. Anapatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwamba ukiwa wazi. Mpike kwa maji yake mwenyewe, bila chumvi, mpaka alainike, ndipo umpeleke kwenye tui.

Kuhusu kiporo: joto la vuli lina unyevu, na chakula cha nazi kilichofunikwa kikiwa moto kinachacha kabla ya alfajiri. Kiache kipoe bila mfuniko, kifunike kwa kawa, kile kifuniko cha ukili, au kitambaa, na kama friji ipo kitie humo. Asubuhi kipashe kwa moto mdogo na vijiko viwili vya maji. Kikitoa povu au harufu kali, mwaga. Kuku nao wasipewe.