Kabla ya kuzima redio ya mwenzako

Haya nawaandikia ninyi mnaopanga redio ya pamoja kwa watu waliokuwa wametengana. Mama mwenye nyumba niliyopanga Leipzig, mji wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki, alikuwa na desturi moja. Ikikaribia saa moja jioni, mazungumzo hukoma, mjukuu huketi mbele ya televisheni, na mwanasesere mwenye ndevu nyeupe kidevuni huingia na mchanga wake wa usingizi. Huyo ndiye Sandmännchen, wa kipindi cha kuwalaza watoto, aliyeanza Ujerumani Mashariki Novemba 1959. Siku chache baadaye Magharibi ikazindua wa kwake. Nchi zilipoungana Oktoba 1990, aliyebaki hewani ni wa Mashariki. Mama yule alilisimulia hilo kwa fahari, maana karibu vyote vingine alivyovizoea vilizimwa.

Mkataba wa Muungano, ibara ya 36, ulitaka utangazaji wa Mashariki uwe umevunjwa au kugawiwa majimbo ifikapo 31 Desemba 1991. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Rudolf Mühlfenzl, mwanahabari wa Bavaria. DFF, televisheni ya Mashariki, ikafungwa, na kesho yake yakaanza mashirika mapya ya utangazaji: MDR huko Leipzig kwa majimbo matatu, ORB kwa jimbo la Brandenburg. Jimbo la Mecklenburg-Vorpommern likaingia NDR, shirika la Magharibi la Hamburg.

Muundo wa mashirika haya naupenda na nawashauri muuige: shirika la umma, si la serikali, chini ya baraza lenye wawakilishi wa makanisa, vyama vya wafanyakazi na makundi mengine. Kasoro ni kwamba ulikuja na wakubwa wake. Wakurugenzi wakuu wa kwanza wa MDR na ORB, wote wawili, walitoka Magharibi. Msigawane viti vya baraza peke yake. Gawaneni na kiti cha mhariri anayeamua habari ipi isomwe kwanza.

Tena sikilizeni kabla ya kupanga. Septemba 1990 masafa ya DT64, redio ya vijana wa Mashariki, yalikabidhiwa RIAS, redio ya Berlin Magharibi. Vijana wakaandamana, yakarudishwa upesi. Yeyote aliyekaa nao jioni moja angelijua mapema kwamba hawatakubali.

Nami nilikosea hivyohivyo. Niliporudi nyumbani nilipanga vipindi vya redio ya jamii iliyowafikia wafugaji na wakulima waliokuwa wametoka kugombania malisho. Nikaondoa matangazo ya bei za mnada wa mifugo alfajiri, nikaweka mjadala wa umoja. Simu za wafugaji zikakatika kabisa. Niliumia, kwa sababu mjadala ule niliuandaa kwa moyo wote, na waliobaki kuusikiliza walikuwa upande mmoja tu.

Wiki ya tatu nikairudisha minada saa ileile, ikisomwa na kijana wa kifugaji kwa lafudhi yake, bila kumsahihisha. Simu za wafugaji zikarudi. Baada ya muda zikaanza kuingia na za wakulima, wakiuliza bei ya maksai.