Nimenunua sahani ndogo ila kilo hazishuki, nakosea wapi?

SWALI: Habari mtaalamu, mi ni mama wa miaka 38 nipo Dar, kazi yangu ya kukaa ofisini. Nilinunua sahani ndogo kama wanavyoshauri mitandaoni ila kilo zipo palepale. Na wikiendi ndo balaa, leo send-off kesho harusi, nashinda na njaa makusudi ili nikale huko. Hiyo sahani inasaidia kweli? Na nitapimaje chakula bila mzani?

JIBU: Dada yangu, sahani usiitegemee sana. Aliyeipigia debe sana ni Brian Wansink, aliyekuwa mtafiti wa chuo kikuu cha Cornell kule Marekani, na mwaka 2018 majarida ya JAMA, yale ya chama cha madaktari wa Marekani, yakafuta makala zake 6 za utafiti kwa mpigo baada ya chuo chenyewe kushindwa kuzithibitisha, sio zote zilihusu sahani lakini ndo hivyo, imani ikaisha. Chenye ushahidi wa kutosha ni kwamba ukipakuliwa kingi unakula kingi, na sahani ndogo ukiijaza mara 3 umerudi kulekule.

Kipimo unacho mkononi. Ugali au wali saizi ya ngumi yako, samaki au nyama upana wa kiganja bila vidole, mboga za majani jaza viganja viwili. Tatizo la wengi wala sio ugali ni mafuta, kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, sasa mtu anainamisha dumu juu ya sufuria ya mchicha anakadiria kwa macho, vijiko 5 vimeshaingia hapo ni kalori 600 na bado anakwambia leo nakula mboga tu. Mimina kwenye kijiko kwanza.

Kuhusu kushinda na njaa, acha kabisa. Kadi inasema saa 12 jioni, chakula kinatangazwa saa 4 usiku, umeshamaliza soda mbili na soda ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi wakati WHO wanasema kwa mtu anayekula kalori 2000 kwa siku, sukari isizidi gramu 50 siku nzima! Afu unafika kwenye bufee unaweka pilau, wali, ndizi na chipsi kwa pamoja, zote hizo wanga, chagua moja tu. Jioni kabla hujatoka kula yai na parachichi au maharage, ukumbini agiza maji, anza na kachumbari na kuku, na tonge moja limezwe ndo umege lingine maana taarifa ya shibe inachukua kama dakika 20 kufika ubongoni. Shangazi aking'ang'ania kukuongezea mwambie "nimeshiba shangazi, nifungie nitakula kesho", hanuni mtu.

Ila kama unatumia dawa za kisukari, hasa insulini au glibenklamaidi, kushinda na njaa ni hatari sukari inaweza kushuka ukaanguka hukohuko, ongea na daktari wako kabla hujapunguza chochote.