Gramu 250 za unga si kikombe kimoja

SWALI: Shangazi habari yako, mimi niko Umoja. Nilitoa resipi ya keki kwa intaneti inasema unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 250, siagi gramu 250 na mayai manne, sasa mimi sina mzani nikachukua kikombe cha kupimia kimeandikwa 250 nikajaza unga mara moja na sukari mara moja, siagi nilinunua ile ya kopo la gramu 250 nikaweka yote. Keki ilifura vizuri kwa oveni halafu ikazama katikati, na chini ikabaki mafuta mafuta. Beking pauda ilikuwa mpya kabisa. Shida ni nini?

JIBU: Dadangu, beking pauda haina makosa. Hiyo 250 ya kikombe ni mililita, yaani nafasi iliyo ndani yake, na resipi yako inataja gramu, yaani uzito. Kwa maji hizo mbili zinalingana, mililita 250 za maji ni gramu 250, na hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa, maana unga umejaa hewa na kikombe hicho hicho kikijaa unga wa ngano unapata kama gramu 125 hadi 130 tu. Sukari ni nzito zaidi, inakaribia gramu 210. Sasa angalia ulichoweka: siagi iliingia yote, sukari ikapungua kidogo, unga ukaingia nusu. Nusu! Hakukuwa na unga wa kutosha kushika mafuta yote hayo na mayai manne, lazima ingezama. Rudia na vikombe viwili vya unga na kikombe kimoja na karibu robo cha sukari, siagi na mayai usiguse.

Halafu kuna vile unavyojaza. Ukitumbukiza kikombe ndani ya pakiti na kukisukuma unga unashindiliwa, unaweza kufika gramu 150 bila kujua, na kwa vikombe vitatu hiyo ni tofauti ya gramu 75, keki inatoka kavu inakwama kooni. Koroga unga kwanza uwe mwepesi, jaza kikombe kwa kijiko polepole, usikigonge mezani, kisha pitisha mgongo wa kisu juu. Ukitaka kujua mkono wako ukoje, fungua pakiti mpya ya kilo 2 uhesabu vikombe vinavyotoka. Vikiwa 16 hivi uko sawa, vikiwa 13 unashindilia.

Na wewe ambaye hata kikombe cha kupimia huna, usitumie magi ya chai hivi hivi, magi nyingi zinapita mililita 300. Chukua pakiti ya maziwa ya nusu lita, gawanya sawa kwa glasi mbili zinazofanana, weka alama pale maziwa yalipofika. Hapo ni 250. Pia ukiona resipi ya Marekani jua kikombe chao ni kidogo kiasi, kama mililita 237, kwa hivyo gramu zinazoingia kwa kikombe chao hazitalingana kabisa na za kikombe chetu.

Lakini kama unaoka za kuuza nakusihi nunua mzani wa jikoni. Unaweka bakuli, unarudisha sifuri, unamwaga unga, unarudisha sifuri tena, unamwaga sukari, na vyombo vya kuosha vinapungua.

SWALI: Shangazi, eti gorogoro ni kilo mbili kwa kila kitu? Mimi nanunua nafaka Nyamakima. Msomaji, Githurai.

JIBU: Hapana. Gorogoro ni mkebe, unapima nafasi. Kwa mahindi na maharagwe watu huhesabu kama kilo 2 na inakaribia, lakini mkebe huo huo ukijaa omena hauwezi kufika hapo hata kidogo, omena ni nyepesi na zinaachana nafasi. Kwa hivyo usilinganishe bei ya gorogoro na bei ya kilo kabla ya kupima kile unachonunua. Na kabla hujapimiwa tazama chini ya mkebe, ukiwa umesukumwa ndani au umebonyea pembeni unapunjwa, omba mwingine, na ukinunua nyingi sema upimiwe kwa mzani.