Kipimo cha Risasi Katika Ghala la Kahawa

Kwa miaka kadhaa nilisimamia wachambuaji katika kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa mjini Moshi, na nilijivunia kwamba kanuni zangu hazikumtazama mtu usoni. Aliyefika baada ya saa moja na nusu asubuhi alikatwa malipo ya siku nzima, awe kijana wa mjini au mama aliyeshuka kutoka Kibosho. Siku moja ya mvua za vuli, barabara ikiwa imeharibika, mama mmoja aliyekuwa hodari kuliko wachambuaji wote alifika saa mbili na robo, viatu mkononi, baada ya kutembea njia nzima. Nilimkata. Nilitangaza mbele ya wenzake kwamba nikimsamehe yeye, kesho watachelewa wote.

Hakubishana nami. Ila tangu wiki ile aliacha kuniita kila alipoona gunia lenye punje nyeusi au harufu ya ukungu, msaada ambao hakuwahi kulipwa kwa ajili yake, nami nilitambua nilichopoteza pale mnunuzi alipoleta malalamiko.

Wakati huo nilikuwa nikisoma jioni, na rafiki yangu akaniazima maandishi ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuhusu maadili. Katika kitabu cha 5 cha kazi hiyo, iliyoandikwa katika karne ya 4 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba sheria husema kwa ujumla, ilhali maisha huleta mambo ambayo mtunga sheria hakuyaona. Kwa hiyo mwenye kuhukumu kwa haki hujiuliza mtunga sheria angesema nini kama angekuwepo pale. Anataja waashi wa kisiwa cha Lesbos, ambao kipimo chao kilikuwa cha madini ya risasi na kilijipinda kufuata umbo la jiwe. Yeyote aliyemwona fundi wetu akijenga ukuta kwa mawe ya mtoni anaelewa mara moja. Kanuni yangu iliwekwa ili meza zisikae tupu kwa uzembe. Mama yule hakuwa mzembe.

Yapo maneno ya Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliyoyachapisha mwaka 1785, yaliyoniumiza zaidi: kwamba tumtendee binadamu kama lengo pia, kamwe asiwe chombo tu. Nilipomkata mama yule hadharani, nilimtumia ili kuwatisha wengine. Kumlipa mtu ujira kwa kazi yake hakumfanyi awe chombo. Kumwaibisha kwa faida ya mahudhurio, bila kumsikiliza, kunamfanya hivyo.

Wapo watakaouliza kwa nini tuwaendee watu wa Ulaya ilhali wazee wetu walitufundisha utu. Swali hilo ni la haki, na Aristotle huyo huyo alitetea utumwa, jambo ninalolikataa bila kusita. Ninachokipata kwao ni hoja zilizopangwa hatua kwa hatua, ambazo ninaweza kuzijaribu dhidi ya uamuzi wangu kabla sijautoa.

Hapa ndipo ninapokushauri uwe mwangalifu sana, wewe unayeongoza watu. Katika mji wetu, meneja anayeanza kupinda kanuni hupewa muda mfupi kabla ya kuombwa aipinde kwa ajili ya ndugu, jirani au mtu wa kijiji chake, na kipimo cha risasi huweza kugeuka upendeleo. Kwa hilo ninamrudia Kant, ambaye hututaka tutende kwa kanuni ambayo tungeridhia iwe sheria kwa kila mtu. Niliongeza safu moja katika daftari la mahudhurio, yenye kichwa "Sababu", na kuliacha mezani ambapo kila mchambuaji aliweza kulisoma. Kila msamaha uliandikwa pamoja na sababu yake, na yeyote aliyefikwa na hali kama hiyo baadaye alistahili kupata msamaha uleule.

Wa kwanza kuandikwa alikuwa mama yule. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake wale wale, na nikamrudishia malipo yake. Miezi michache baadaye mpwa wangu, aliyekuwa kibarua wa kupakia magunia, alichelewa kwa sababu ya sherehe ya usiku na akaniomba nimfiche. Nilichukua kalamu, nikalifungua daftari, na sikuona neno ambalo ningeweza kuliandika katika safu ile. Alikatwa malipo ya siku.